UZI: Metali nzito zinavyoukwamisha mwani ukiwa bado mchanga

Mleta uzi:

Wakuu, heshima kwenu. Nimefuatilia mijadala mingi ya uchafuzi wa bahari na kuna hoja moja inarudi kila mara. Mtu anasema kuna machimbo juu ya mto au bandari karibu na miamba, mwingine anajibu kwamba hapo mwani ni mwingi, kwa hiyo maji hayana shida. Mjadala unafungwa. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu hoja hiyo ina kasoro kubwa, na kasoro hiyo imeshagharimu maeneo mazima ya mwani.

Mwani unaouona umetanda juu ya mwamba umeshakomaa. Uliota miezi au hata miaka iliyopita, ukashika, ukajenga ukuta mnene wa seli na kujiwekea akiba. Ni kama mti uliokwisha zamisha mizizi: unavuka kiangazi ambacho mche haukimalizi. Mwani wa namna hiyo unaweza kuishi kwenye maji yenye shaba au zinki kwa kiwango ambacho mtoto wake hawezi hata kuanza maisha. Swali la maana ni kama mwani mchanga unaota hapo.

Tuchukue kelpu, ile mwani mikubwa ya kahawia ya bahari za baridi. Macrocystis pyrifera ikikomaa hupita mita 30 kwa urefu. Inaanza kama spora, yaani chembe ya uzazi, ya mikromita chache tu, yenye vijeledi viwili vya kuogelea na isiyo na ukuta wa seli. Naomba mkae kidogo hapo. Haina ukuta. Kati ya maji ya bahari na ndani ya seli upo utando mmoja mwembamba, basi. Spora hiyo inatakiwa itafute pa kutua haraka. Ikitua inaachana na vijeledi, inajijengea ukuta, kisha inatoa mrija mdogo wa uotaji, na yaliyomo ndani ya spora yanahamia kwenye ncha ya mrija huo. Kutoka hapo inakuwa gametofiti, dume au jike, kiumbe cha seli chache ambacho huwezi kukiona bila hadubini. Jike linatoa yai, dume linatoa mbegu, na zikikutana ndipo sporofiti inaanza: seli moja, mbili, nne, mpaka ile kelpu tunayoifahamu.

Sasa weka shaba kwenye maji hayo. Majaribio ya miaka mingi kwa Macrocystis yanaonyesha mpangilio ambao kila anayepima maji angepaswa kuujua. Kuota kwenyewe kunavumilia kiasi. Urefu wa mrija unaguswa mapema zaidi, kwenye shaba kidogo kuliko ile inayozuia kuota. Na utoaji wa sporofiti unaguswa mapema kuliko vyote. Kwa hiyo mtu akichungulia hadubini saa 48 baada ya spora kutua, akaona zimeota, anaweza kuandika "hakuna athari", wakati jamii hiyo ya kelpu haitapata mtoto hata mmoja.

Mwani wa jamii ya Fucus, nao wa kahawia, una njia nyingine. Hauna gametofiti inayoishi peke yake. Yai linarutubishwa majini, linazama, na katika takriban siku moja zigoti (yai lililorutubishwa) inatakiwa iamue upande upi utakuwa rizoidi ya kushika mwamba na upande upi utakuwa jani. Nuru ndiyo inayouongoza uamuzi huo. Ndani ya seli kalsiamu inajikusanya upande wa rizoidi, nyuzi za aktini zinajipanga, vifaa vya kujengea ukuta na vya kunatia vinapelekwa huko, kisha seli inagawanyika vipande viwili visivyofanana. Majaribio kwenye viinitete vya Fucus serratus yaliyochapishwa 2003 yalionyesha shaba ikivuruga kazi hii: zigoti zinashindwa kuchagua upande na rizoidi zinabaki fupi. Kiinitete chenye rizoidi fupi hakijafa. Ila wimbi la kwanza lenye nguvu litakiondoa. Ukirudi kuhesabu, hutakuta maiti. Utakuta mwamba mtupu, na utasema labda mwaka huu hapakuwa na mbegu.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu wa kupima maji, wa kuotesha miche, wa kuzamia, wote naomba mchango.

Mwanafunzi wa bahari:

Asante sana mkuu kwa uzi huu, naweka kambi hapa. Swali langu: tulifundishwa kwamba shaba na zinki ni virutubisho. Viumbe wote wanavihitaji. Inakuwaje kitu kile kile kiwe chakula na sumu? Na je, kadmiamu, risasi na zebaki ziko kundi hilo hilo?

Mleta uzi:

Swali zuri, ndugu yangu. Ulichofundishwa ni kweli. Bila shaba hakuna plastosianini, protini inayopitisha elektroni wakati wa usanisinuru, na enzaimu ya mwisho katika upumuaji wa seli nayo inahitaji shaba. Zinki imo kwenye anhidrasi ya kaboni, enzaimu inayousaidia mwani kupata kaboni majini. Risasi na zebaki hazina kazi yoyote inayojulikana ndani ya mwani. Zinaingia kwa sababu milango ya seli haiwezi kubagua kikamilifu. Kadmiamu inapitia njia za kalsiamu na zinki.

Ubaya wa shaba unatokana na sifa ile ile inayoifanya iwe ya lazima: inapokea na kutoa elektroni kirahisi. Ikiwa imefungwa ndani ya protini, hiyo ni kazi safi. Ikizagaa ndani ya seli, inakutana na peroksidi ya haidrojeni ambayo seli huizalisha kila siku, na hapo zinazaliwa radikali za haidroksili. Hizi hushambulia chochote kilicho karibu, kuanzia mafuta ya utando. Utando ukiharibika, potasiamu inavuja, na seli inaanza kutumia nguvu zake kuziba mahali pa kukua. Wakati huo huo kitovu cha usanisinuru kinapigwa. Metali inaweza hata kuchukua nafasi ya magnesiamu katikati ya klorofili, na klorofili yenye shaba katikati haifanyi kazi ya kuvuna nuru inavyotakiwa.

Zebaki, kadmiamu na risasi mtindo wao ni tofauti kidogo. Zinapenda salfa. Protini nyingi zina vikundi vya salfa mahali penye kazi, metali ikikaa hapo enzaimu inalemaa.

Aseniki nayo niitaje, ingawa wanakemia wataniambia si metali kamili. Aseniki iliyo majini kwa umbo la aseneti inafanana na fosfeti kiasi kwamba seli inaivuta kwa mlango wa fosfeti. Maji yakiwa na fosfeti kidogo, mwani unazidisha kuvuta, na aseniki inapenya zaidi. Ndiyo maana mtu akipima aseniki peke yake bila kuangalia fosfeti, anakosa nusu ya habari.

Mwanafunzi wa bahari:

Nimekuelewa vizuri. Lakini sasa mwani mkubwa unaponaje? Metali si ni zile zile?

Mleta uzi:

Unapona kwa sababu una vitu ambavyo mchanga haujavipata. Cha kwanza ni ukuta. Kwenye mwani wa kahawia, alginati inaweza kufika kama asilimia 40 ya uzito mkavu, na alginati inanasa metali zenye chaji mbili kwa nguvu, risasi na shaba kuliko hata kalsiamu. Metali nyingi inabaki nje, ukutani, haifiki ndani. Halafu kuna florotanini, zile kemikali za kahawia, ambazo nazo zinashika metali. Ndani ya seli kuna glutathioni, fitokelatini na metalothioni, molekuli zenye salfa nyingi ambazo kazi yake ni kukumbatia metali na kuipeleka mahali isipodhuru. Jeni la metalothioni la Fucus vesiculosus lilielezwa mwaka 1999.

Vyote hivyo vinagharimu. Kutengeneza fitokelatini kunataka salfa, naitrojeni na nguvu. Mwani mkubwa unazo. Spora ina mfuko mdogo wa mafuta iliopewa na mzazi, na mfuko huo ndio wa kuogelea, wa kutua, wa kujenga ukuta na wa kuota. Ukilazimika kutumika kupambana na shaba, kuota kunacheleweshwa. Na kuchelewa ni hatari tosha, kwa sababu konokono wanalisha, mashapo yanafunika, na mwani mwingine unaokua haraka unachukua nafasi.

Mpiga mbizi:

Wakuu, nimezamia karibu na maegesho ya boti mara nyingi na ninachokiona ni kijani kitupu, ule mwani mwembamba kama nyuzi na majani ya Ulva. Umestawi kweli kweli. Kama shaba ingekuwa sumu ya namna hiyo si huo ungekuwa wa kwanza kufa? Ninauliza kwa nia njema, nataka kuelewa.

Mleta uzi:

Mkuu, ulichokiona ni cha kweli, na ni ushahidi muhimu. Ulva na jamaa zake ni miongoni mwa mwani unaovumilia shaba vizuri. Kijani kikitawala mahali palipokuwa na mwani wa kahawia, hiyo inaweza kuwa dalili kwamba kuna kitu kinawachuja wengine.

Mfano ulioandikwa vizuri kuliko yote ninaoujua ni ghuba ya Chañaral, kaskazini mwa Chile. Kuanzia 1938 mabaki ya machimbo ya shaba ya Potrerillos, na baadaye ya El Salvador, yalikuwa yanamwagwa huko moja kwa moja, mpaka katikati ya miaka ya 1970, kisha umwagaji ukahamishiwa sehemu nyingine ya pwani hiyo hiyo kwa miaka mingine. Mabaki yalikuwa mengi kiasi cha kuusogeza ufuo mamia ya mita kuelekea baharini. Miamba iliyobaki ikachukuliwa na mwani wa kijani, Ulva compressa, ambao wakati ule uliitwa Enteromorpha. Lessonia nigrescens, kelpu kubwa inayoshika ukingo wa miamba ya pwani ile na kuwa makazi ya viumbe wengi, ikatoweka.

Umwagaji ulipositishwa, watu walitarajia Lessonia irudi. Kwenye maeneo yaliyoathirika haikurudi. Mwaka 2007 yalichapishwa majaribio ya maabara juu ya hatua za mwanzo za mwani huo, na jibu likawa wazi: shaba kwa kiwango cha chini kuliko kilichopimwa kwenye eneo lenyewe ilitosha kuvuruga kila hatua, utoaji wa spora, kutua kwake, na ukuaji wa gametofiti za kiume na za kike. Bila gametofiti hakuna sporofiti. Hitimisho lao lilikuwa kwamba kelpu hiyo itarudi pale tu shaba ya majini itakaposhuka karibu na kiwango cha pwani isiyochafuliwa. Nusu ya njia haitoshi.

Hicho ndicho kinachonisumbua kuhusu neno "maji yameboreka". Maji yanaweza kuboreka sana kwa karatasi, na bado yakawa mabaya mno kwa spora.

Baharia mstaafu:

Vijana, ngoja niongeze kuhusu boti. Shaba kwenye chombo si jambo la jana. Jeshi la majini la Uingereza lilijaribu kufunika tumbo la manowari HMS Alarm kwa mabamba ya shaba mwaka 1761 ili viumbe visishike. Shaba ilichaguliwa kwa sababu inaua vinavyotaka kujishika, na vinavyotaka kujishika ni vichanga: mwani mchanga, chaza wachanga na kadhalika. Baadaye ikaja rangi yenye TBT, yaani bati lililounganishwa na kaboni. Ile ilikuwa kali mno, iliharibu konokono na chaza. Mkataba wa Shirika la Kimataifa la Bahari wa kuizuia ulipitishwa 2001 na kuanza kufanya kazi 2008. Rangi nyingi zikarudi kwenye shaba. Kwa hiyo palipo na vyombo vingi vimetulia, maji hayazunguki, shaba inachuruzika polepole mwaka mzima. Kuna pia vipande vya zinki tunavyofunga chini ya chombo ili chuma kisilike. Hivyo vinayeyuka, ndiyo kazi yake.

Mleta uzi:

Shikamoo mzee wangu, na asante. Umenisaidia kusema jambo nililokuwa nalitafutia pa kuingilia. Rangi ya chombo imetengenezwa makusudi kuzuia mwani mchanga. Haiwezi kujua kwamba ikishaachana na chombo inatakiwa iache kazi.

Baharia mstaafu:

Marahaba. Naomba mwendelee, nasoma.

Mwenye mashaka:

Mimi nitaenda kinyume kidogo. Mbona kuna mwani uliozoea? Nimesoma kuhusu mito ya Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, iliyopokea maji ya machimbo kwa karne nyingi, na Fucus ipo. Maumbile yanajirekebisha. Mnaogopesha watu bure.

Mleta uzi:

Sipingi kwamba mwani unaweza kuzoea, mkuu. Huo mfano wa Restronguet Creek, kule Cornwall, ni wa kweli, na umechunguzwa sana. Viinitete vya Fucus serratus kutoka kwa wazazi wa hapo vinastahimili shaba kuliko vile vya pwani safi, na ustahimilivu huo unarithiwa. Kuna hata mfano wa zamani zaidi: mwaka 1970 ilichapishwa kwamba Ectocarpus siliculosus, mwani mdogo wa kahawia, iliyochukuliwa kwenye tumbo la meli ilistahimili shaba kuliko ndugu zake wa miambani.

Lakini angalia masharti yake. Machimbo ya pale ni ya karne nyingi. Uteuzi ulifanyika polepole, vizazi kwa vizazi, na ndugu safi walikuwa karibu kuleta mbegu mpya. Ectocarpus nayo inazaliana haraka, kizazi juu ya kizazi. Kelpu au Fucus inayochukua mwaka na zaidi kukomaa haina mwendo huo. Mgodi ukifunguliwa leo au bandari ikijengwa mwaka huu, hakuna muda wa kuzoea.

Tena, waliozoea shaba hawajazoea kila kitu. Januari 1992 maji yenye tindikali na metali yalibubujika kutoka mgodi wa Wheal Jane, uliofungwa mwaka mmoja kabla na pampu zake kusimamishwa, yakaingia mto Carnon na kuteremka mpaka mlango wa mto Fal. Yalikuwa na kadmiamu, zinki, chuma na vingine kwa pamoja. Mwani ukiwa umechaguliwa na shaba, hilo halikuhakikishii kwamba utahimili mchanganyiko kama huo.

Na mwisho wa jibu langu kwako: spishi ngapi hazikuzoea? Hizo hatuzioni ili tuzihesabu.

Mwenye mashaka:

Hoja ya muda nimeikubali. Nitaisoma zaidi.

Mpima maji:

Naomba niingie hapo kwenye vipimo, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku. Watu wanaleta namba ya shaba na kuuliza "ni salama?" bila kusema ni shaba ipi. Kuna shaba yote iliyomo kwenye sampuli, kuna iliyoyeyuka baada ya kuchujwa, na kuna ayoni huru, yaani shaba iliyoyeyuka isiyoshikwa na kitu kingine. Mwani mchanga unaumizwa hasa na hiyo ya mwisho. Kwenye maji ya kawaida ya bahari sehemu kubwa mno ya shaba, zaidi ya asilimia 99 mara nyingi, imeshikwa na vitu vya kikaboni vilivyoyeyuka, vingine vikitolewa na mwani wenyewe. Kwa hiyo maji mawili yenye namba ile ile ya shaba yanaweza kuwa na ukali tofauti kabisa.

Chumvi inaingia hapo pia. Kadmiamu kwenye maji ya chumvi nyingi inafungwa na kloridi. Karibu na mlango wa mto chumvi inashuka na kadmiamu huru inapanda. Mvua kubwa basi inafanya mambo mawili kwa mpigo, inaleta metali kutoka nchi kavu na inapunguza kinachoifunga.

Tindikali ya bahari nayo inaongeza. Tindikali ikizidi kaboneti ya majini inapungua, na kaboneti ikipungua shaba nyingi zaidi inabaki huru. Utafiti wa 2018 juu ya hatua za mwanzo za Macrocystis na kelpu nyingine, Undaria pinnatifida, ulionyesha shaba ikizidisha madhara ya tindikali na joto.

Kwa mwenye kutaka namba ya kuanzia, vigezo vya Marekani kwa maji ya bahari vinaweka shaba iliyoyeyuka kwenye mikrogramu 3.1 kwa lita kwa mfiduo wa muda mrefu na 4.8 kwa muda mfupi. Zinki ni 81 kwa muda mrefu. Tazameni tofauti hiyo kati ya shaba na zinki. Bahari kuu isiyochafuliwa ina shaba chini ya mikrogramu moja, mara nyingi sehemu ndogo tu ya hiyo. Nafasi kati ya bahari safi na bahari yenye shida kwa shaba ni finyu sana.

Kitu kingine, nacho nakisema kwa uchungu: sampuli moja ya mwezi haikuambii kitu kuhusu siku ambayo spora zilitoka. Mwani mwingi una majira ya kuzaa. Mmwago wa siku mbili ukiangukia majira hayo unafuta kizazi, na ripoti ya mwaka itaonyesha wastani mzuri.

Mleta uzi:

Mpima maji, hapo kwenye majira na wastani umegusa kiini chenyewe. Nakuunga mkono kwa kila neno.

Kitotoleo:

Wakuu habari. Mimi naotesha miche ya mwani kwenye matangi, spora tunazitulisha kwenye kamba. Tangi moja spora zinatua vizuri, zinapata rangi, jingine zinatua halafu zinabaki madoa yaliyopauka, hazirefuki. Maji ni yale yale ya bahari, mwanga ule ule, joto lile lile. Nimesoma uzi huu nikaanza kufikiria mabomba. Inawezekana?

Mpima maji:

Inawezekana kabisa dada/kaka. Kagua kila kitu kinachogusa maji ya tangi hilo: koki za shaba nyeupe, viungio, bomba la shaba kwenye mashine ya kupozea, pampu yenye sehemu ya shaba ndani, waya au bati lenye zinki, hata uzito wa risasi wa kuzamishia kamba. Maji ya chumvi yanakula vitu hivyo. Yakilala usiku kucha ndani ya bomba, asubuhi ukifungua, maji ya kwanza ndiyo mabaya kuliko yote. Badilisha viwe vya plastiki, na mpaka utakapobadilisha, mwaga maji ya kwanza kabla ya kujaza.

Mleta uzi:

Naongezea hapo. Angalia pia kama matangi yote mawili yanapewa kirutubisho kile kile. Mchanganyiko mwingi wa kuoteshea, f/2 ukiwemo, una EDTA, ambayo inashika metali. Tangi lenye EDTA linaweza kuwa na shaba nyingi na miche isionyeshe chochote, kumbe jirani yake isiyopewa inateseka kwa shaba hiyo hiyo. Sababu hiyo hiyo ndiyo inafanya baadhi ya majaribio ya maabara yatoe majibu ya kutuliza roho kuliko hali ilivyo baharini: sumu imetiwa, lakini na kitu cha kuifunga kimetiwa pia.

Jaribio la haraka: chukua vioo vidogo vya hadubini, tulishia spora za mzazi mmoja kwa wakati mmoja, weka vingine kwenye tangi zuri na vingine kwenye tangi baya. Siku ya pili pima urefu wa mrija. Usihesabu zilizoota peke yake. Halafu acha vioo viendelee mpaka uone kama gametofiti za kike zinatoa mayai. Kama ni mwani usiopitia hatua hiyo, fuata rizoidi na mgawanyiko wa kwanza wa seli.

Kitotoleo:

Nimekagua leo. Tangi lenye shida lina kiungio cha shaba nyeupe mahali maji yanapoingilia, kimeota ukijani kwa ndani. Jingine ni plastiki mwanzo mwisho. Nakibadilisha, nitaleta majibu ya vioo. Swali la mwisho: kwa maeneo ya wazi yaliyopoteza mwani, si tungeweza tu kupandikiza mwani mkubwa uliokomaa badala ya kuhangaika na spora?

Mleta uzi:

Unaweza kupandikiza, na mwani mkubwa unaweza kuishi hapo kwa muda. Lakini kila uliopandikizwa utazeeka na kung'olewa na mawimbi, na kama watoto wake hawaoti, utakuwa unapandikiza milele. Kabla ya kupeleka hata mmoja, ning'iniza vioo au vigae vyenye spora kwenye eneo hilo na vingine pwani safi, majira ya kuzaa, na urudie baada ya mvua kubwa. Vya eneo hilo vikitoa sporofiti kama vya pwani safi, pandikiza bila wasiwasi. Visipotoa, pesa hiyo ipelekwe kwenye chanzo cha metali kwanza: bwawa la mabaki linalovuja, maji ya mgodi yanayotoka bila kutibiwa, sehemu ya kukwangulia rangi ya vyombo ambayo taka zake zinasukumwa majini.

Mpima maji:

Na mashapo msiyasahau. Chanzo kikizibwa, tope lililoko chini bado lina metali ya miaka yote, na kila dhoruba inalikoroga. Vioo vingine viwekwe karibu na chini, vingine juu kidogo. Nimeona vya juu vikiota na vya chini vikibaki vitupu, mahali pamoja.